Mama Warigia na Zumbo

Kanisani kwao, katika mtaa wa Pioneer, Eddah Wangeci haruhusiwi kusimama karibu na maikrofoni. Hakuna aliyewahi kuitangaza sheria hiyo, lakini kila mtu anaijua, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuicheka. Sauti yake ina nguvu kama ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, na kwa kweli ndivyo alivyoizoeza alipokuwa msichana kule Ainabkoi, ambako wazazi wake walihamia kutoka Nyandarua kulima viazi. Shida ni kwamba sauti hiyo haijui kupanda wala kushuka. Kwaya ikipanda, yeye hubaki pale pale. Kwaya ikishuka, inamkuta bado anaingoja.

"Mama Warigia," Tryphosa Mideva alimwambia siku moja kwa upole. Tryphosa ndiye mwalimu wa kwaya, na pia ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. "Wewe msifu Bwana kwa makofi."

Eddah akamsifu Bwana kwa makofi, miaka ikapita, wala hakununa.

Kisha kijana aliyekuwa akionyesha maneno ya nyimbo ukutani kwa projekta akapata kazi Kisumu. Ibada ilipoisha Pasta Irungu aliuliza ni nani atakayeichukua kazi ile. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Katika kimya hicho Eddah akakohoa, maana alikuwa na mafua, na pasta akasema, "Asante sana, Mama Warigia. Mungu akubariki." Kanisa likapiga makofi. Hivyo ndivyo mwenye duka wa miaka hamsini na saba, ambaye kompyuta aliijua kwa kuitazama mbele ya karani wa benki tu, alivyorudi nyumbani na laptopu ya kanisa ndani ya kiondo.

Duka lao, yeye na mumewe Gichuru, liko karibu na steji ya boda boda. Wanauza unga, mafuta ya kupikia, sabuni za vipande na mbegu za sukuma. Gichuru aliisogeza mizani kidogo, laptopu ikapata makao mwisho wa kaunta. Kila jioni Tryphosa, akitoka kwenye ofisi yake ndogo ya kupiga chapa kule mtaa wa West Indies, alipita pale kumfundisha rafiki yake. Kwanza namna ya kuiwasha. Kisha namna ya kuandika. Kisha namna ya kuandika bila kupiga kila herufi kana kwamba anaua mende.

Eddah akaziandika nyimbo upya, moja baada ya nyingine. Aliandika za Kiswahili na za Kikuyu, na hata za Kimaragoli, lugha asiyoielewa, Tryphosa akimtajia herufi na yeye akizitafuta kwa kidole. Jumapili ya kwanza alichanganya, kanisa likaanza wimbo wa mazishi katikati ya sadaka. Jumapili ya pili hakuchanganya. Ya tatu akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia: ubeti ukitokea mapema watu huurukia na kumeza maneno, ukichelewa wanabaki kuguna. Lakini akibonyeza pale panapostahili, sekunde ile mwimbaji anapomaliza mstari, kanisa zima huvuta pumzi pamoja na kuingia ubeti mpya kama mtu mmoja. Mara ya kwanza alipoisikia pumzi ile ya watu wote, nywele zilimsimama. Yeye, Eddah, asiyejua kupanda wala kushuka, alikuwa ameushika wimbo mkononi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya kazi ile.

Zumbo aliingia wakati wa mvua za masika. Eddah alitaka picha za maua ya kuweka nyuma ya maneno ya nyimbo, akazitafuta kwenye intaneti, akakuta ukurasa unaozitoa bure. Palikuwa na kibonyezo cha kijani, kikubwa kama sahani. Akakibonyeza. Kikaja kingine, akakibonyeza pia, na kingine, maana alilelewa kumaliza anachokianza. Maua hayakuja. Kilichokuja ni ufagio mdogo wa buluu wenye macho mawili, ukasimama kwenye kona ya skrini ukitabasamu. Chini yake paliandikwa Zumbo Klina. Zumbo alisema amekuja kuisafisha kompyuta, na Eddah akaona ni ustaarabu.

Kesho yake Zumbo akaanza kusema. Alikuwa na sauti ya mwanamume, Kiingereza cha puani, na maneno yake yalikuwa yale yale: "Hatari! Hatari kubwa imeonekana! Chukua hatua sasa hivi!" Ukimbonyeza kumuuliza ni hatua gani, anataka umlipe. Usipomlipa, ananyamaza kidogo, halafu anaanza tena.

Pale dukani akageuka burudani. Vijana wa boda boda walimjibu kutoka steji, "Tumekusikia, Zumbo!" Mwanamke mmoja aliyekuja kununua chumvi alitupa chini mfuko wake akakimbia hadi barabarani, kisha akarudi akicheka hadi machozi. Gichuru, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimsikiliza kwa siku kadhaa, kisha akauliza, "Huyu mgeni hana habari nyingine?"

Eddah alijaribu kumnyamazisha kwa kupunguza sauti ya laptopu. Dukani hilo lilifaa. Lakini kanisani laptopu ndiyo iliyotoa midundo ya kwaya kupitia spika kubwa, na sauti haikuweza kupunguzwa. Jumapili mbili tatu Mungu alimsaidia, Zumbo akanyamaza wakati wa ibada. Kisha ikaja harusi ya Hellen.

Hellen ni sauti ya kwanza katika kwaya, msichana mrefu anayecheka kwa urahisi. Alikuwa anaolewa na Khisa, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, mtoto wa watu wa upande wa Kitale. Kanisa lilijaa hadi watu wakakaa kwenye madirisha. Eddah alivaa gauni jipya la rangi ya zambarau, akaketi nyuma ya laptopu yake kama dereva wa lori kubwa. Kila wimbo uliingia mahali pake. Hellen aliingia akisindikizwa na midundo, akina mama wakapiga vigelegele, mambo yakaenda sawa mpaka Pasta Irungu alipokohoa, akavua miwani, akasema yale maneno ambayo huwafanya hata maharusi wasio na hatia watokwe na jasho.

"Kama kuna mtu yeyote anayejua sababu ya hawa wawili kutounganishwa, na aseme sasa."

Kanisa likatulia tuli. Mtoto mmoja akanyamazishwa kwa biskuti.

Na kutoka kwenye spika zote mbili, kwa nguvu ya kutikisa vioo, sauti ikasema: "Hatari! Hatari kubwa imeonekana! Chukua hatua sasa hivi!"

Khisa akageuka ghafla, mikono juu, akasema, "Jamani, si mimi!" Nyanya yake Hellen, aliyekuwa kiti cha mbele na kusikia kwake ni kwa shida, akasimama kwa bakora yake akauliza kwa sauti, "Ni nani huyo Mzungu? Alialikwa na nani?" Eddah alikuwa akibonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Zumbo akarudia ujumbe wake, neno kwa neno. Mwishowe Tryphosa akaruka kutoka safu ya kwaya, viatu mkononi, akauvuta waya wa spika kutoka ukutani.

Watu wote wakamtazama bibi harusi. Mabega ya Hellen yalikuwa yanatikisika. Wengine walidhani analia. Kisha akainua kitambaa usoni, na kicheko kikamtoka, kile kicheko chake kinachoanza chini na kupanda, na kanisa zima likamfuata. Pasta Irungu alingoja, akifuta macho yake mwenyewe, akasema, "Hilo pingamizi halina mwili. Tunaendelea."

Wakaunganishwa. Pilau ikaliwa. Hakuna aliyekasirika.

Lakini Jumapili, ibada ilipoisha, wazee wa kanisa walimwita Eddah kando, na mmoja wao akasema kwa heshima zote, "Mama Warigia, tumeonelea tuipumzishe hiyo kompyuta. Turudie vitabu vya nyimbo kwa muda. Wewe umefanya kazi nzuri, upumzike pia."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma. Kama wangemlaumu angejitetea. Alisimama pale na kiondo chake, akafikiria ile pumzi ya kanisa zima.

"Nipeni mpaka Jumapili ijayo," akasema. "Kama bado ataongea, nitawaletea laptopu na vitabu nitavipangusa vumbi mimi mwenyewe."

Jumatatu asubuhi aliipeleka laptopu mjini kwa Walubengo, fundi ambaye Tryphosa humkabidhi mashine zake bila wasiwasi. Walubengo alikuwa katikati ya kompyuta za shule, kwa kuwa shule zilikuwa zinafungua, waya zimemzunguka kama mizabibu. Hata hivyo alimpa Mama Warigia stuli, akaisikiliza laptopu yake kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mama, njia rahisi ni kuiformati," akasema. "Nafuta kila kitu, tunaanza upya. Nyimbo zako tutazihifadhi kwenye flashi. Lakini hii programu inayoonyesha nyimbo, ni nani aliinunua?"

"Wageni fulani waliotutembelea zamani. Ndio waliiweka."

"Na ile namba yake ya siri?"

Eddah akatikisa kichwa. Wageni walisharudi kwao, na namba ilirudi nao.

"Basi tukiformati hutaipata tena," Walubengo akasema. "Njia ya pili ni kumtoa huyu jamaa kwa mkono, kipande kwa kipande. Si kazi ngumu, ni kazi ya uvumilivu, na mimi wiki hii uvumilivu wote umechukuliwa na walimu wakuu." Akacheka. "Lakini wewe na Mama Mideva mnaweza. Hifadhini nakala ya kila kitu kwanza. Na sikiliza, Mama: usifute kitu ambacho hujui jina lake. Kompyuta ina vitu vingi vyenye sura mbaya ambavyo ni vya maana. Mkikwama, nipigie."

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Tryphosa alifunga ofisi yake mapema akaja Pioneer na mfuko wa mandazi. Waliweka laptopu juu ya kreti mbili za soda nyuma ya kaunta. Gichuru alibaki mbele akihudumia wateja na kuwapasha habari.

Walianza kwa kuhifadhi nyimbo kwenye flashi, na Eddah akaifunga flashi hiyo kwenye pindo la leso kama watu wanavyofunga nauli. Halafu wakafungua orodha ya programu zote, wakamtafuta Zumbo, wakabonyeza pa kumwondoa. Ufagio ukatokea katikati ya skrini, macho yamejaa machozi, ukauliza kama kweli wanataka aende. Wakasema ndiyo. Akauliza tena. Wakasema ndiyo. Akasema basi, kwaheri. Wakazima laptopu na kuiwasha.

"Hatari! Hatari kubwa imeonekana!"

"Bado yuko!" Gichuru akawatangazia wateja.

"Huyu alienda tu hadi mlangoni," Tryphosa akasema, akikunja mikono ya sweta.

Jaribio la pili, waliitafuta folda anamoishi, wakasema waifute nyumba yenyewe. Kompyuta ikakataa. Ikawaambia folda hiyo inatumika, mwenyewe yumo ndani. Kwa hiyo wakafungua ile sehemu inayoonyesha programu zinazofanya kazi wakati huo, wakamwona Zumbo kwenye mstari wake, wakamsimamisha. Jina likatoweka. Eddah akainua mikono juu. Kabla hajaishusha, jina lilikuwa limerudi.

Wakamsimamisha tena, akarudi. Eddah akapiga haraka zaidi, akarudi haraka zaidi. Ilikuwa kama kuzamisha boya majini. Tryphosa akaanza kucheka, kisha Eddah, na kwa muda hawakuweza kufanya kazi yoyote. Mteja mmoja akanyoosha shingo juu ya kaunta kuona kinachochekesha, akapewa andazi.

Ilikuwa wakati wa kula mandazi ndipo Eddah alipotulia, akaitazama ile skrini kwa macho ya mtu aliyeuza dukani miaka thelathini.

"Tryphosa, mtu akifukuzwa na kurudi hivyo, kuna anayemfungulia mlango."

"Wa ndani?"

"Wa ndani. Mimi gari la mzigo likija, napokea vitu vya watu mbalimbali, lakini najua vilivyokuja na gari moja. Huyu alikuja siku ile ya maua. Tuangalie nini kingine kilikuja siku ile."

Tryphosa akaacha kutafuna. Akairudia orodha ya programu, akaipanga kwa tarehe badala ya majina. Na pale, mstari uliofuata baada ya Zumbo, siku ile ile na saa ile ile, palikuwa na kitu kisicho na ufagio, wala macho, wala rangi, chenye jina la kuchosha kabisa: Msaidizi wa Masasisho, kwa Kiingereza chake. Mtu yeyote angempita akidhani ni wa serikali ya kompyuta.

Wakampigia Walubengo. Sauti yake ilitoka kwenye simu katikati ya kelele za wanafunzi. "Eeh! Mmemshika! Hao ni wawili. Mmoja anapiga kelele, mwingine anamwamsha kila akilala. Na yule wa kelele naye akimwona mwenzake ameanguka, anamwinua. Sasa sikilizeni. Kwanza, kuna ratiba ya kompyuta, pale kazi zinapopangwa zijianzishe zenyewe. Ondoeni mistari yao humo. Halafu iwasheni kwa ile hali ya usalama, ambapo zinaamka programu za lazima peke yake. Hao wawili watakuwa wamelala. Ndipo mfute."

"Wakiwa usingizini?" Eddah akauliza.

"Usingizi wa pono, Mama."

Kwenye ile ratiba waliwakuta kweli, wamejiandikisha kuamka kila laptopu inapowashwa. Wakawaondoa. Kisha Tryphosa akashikilia vibonyezo alivyoelekezwa, laptopu ikazimika, ikawaka, na Eddah akashika kifua. Skrini ilikuwa nyeusi. Picha ya kawaida ilikuwa imepotea, na herufi zilikuwa kubwa kama za bango la barabarani.

"Tumeiua," akanong'ona.

"Hatujaiua. Ndiyo ile hali yenyewe."

"Ina sura ya mgonjwa mahututi."

"Ni daktari amezima taa. Soma kwenye kona, imeandikwa."

Eddah akasoma, akapumua. Akaisogeza mausi taratibu, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala, hadi kwenye folda ya Zumbo. Akabonyeza kufuta. Hapakuwa na machozi wala maswali. Folda ikaenda. Akaitafuta ya Msaidizi, nayo ikaenda. Waliwakuta na makao mengine, kwenye zile folda zinazofichwa na kompyuta, ambazo Tryphosa alijua namna ya kuzifanya zionekane. Humo Zumbo alikuwa ameweka picha zake na ile sauti yake, faili moja ndogo tu. Eddah aliitazama sana faili ile.

"Hii ndiyo iliyomtoa Khisa jasho," akasema, akaifuta.

Ilibaki kazi ya mwisho, ile iliyohitaji onyo la Walubengo la kutofuta usichokijua: daftari kuu la mashine, ambamo kila programu imeandikwa. Wakatoa nakala yake kwanza. Kisha wakatafuta jina la Zumbo, na kila lilipotokea Tryphosa alilisoma kwa sauti, Eddah akalithibitisha, wakafuta. Walifanya hivyo polepole, mchana ukielekea jioni, mvua ikianza kugonga mabati. Mahali pamoja walikuta mstari mrefu wa namba, jirani kabisa na Zumbo, wenye sura ya mhalifu. Kidole cha Eddah kilikuwa tayari. Akakumbuka alivyoambiwa, akakirudisha. "Wewe sikujui," akauambia ule mstari. "Kaa tu."

Utafutaji ukaisha. Kompyuta ikasema hakuna tena jina hilo.

Tryphosa akaizima laptopu na kuiwasha kwa njia ya kawaida. Gichuru aliacha kupima sukari, akaja na kijiko chake. Wateja watatu waliokuwa wakijikinga mvua wakaegemea kaunta. Picha ya kawaida ikarudi kwenye skrini, na kona yake ikabaki tupu. Eddah akapandisha sauti hadi mwisho, na duka zima likasikiliza mvua.

Wakangoja. Mtu mmoja akasema labda amekwama kwenye foleni. Wakacheka, wakangoja tena.

Hakuna kitu.

Eddah akafungua intaneti, na hapo ukatokea ukurasa wa Zumbo wenye ufagio mkubwa. Alipiga kelele kama mtu aliyekanyaga nyoka, lakini Tryphosa akamshika mkono. "Huo ni mlango tu, alibadilisha mlango wako wa kuingilia. Mwenyewe hayupo." Wakaurudisha ukurasa wa zamani, wakang'oa kile kijiprogramu kilichokuwa kimejipachika pale juu, wakafunga, wakafungua. Safi.

Ndipo Mama Warigia akaruka. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwenye goti moja linalolalamika wakati wa baridi, aliruka kati ya magunia ya unga akipiga vigelegele, na ile sauti yake ya kuitia ng'ombe ikavuka barabara hadi steji. Vijana wa boda boda wakaja mbio na makoti yao ya mvua kuuliza nani amejifungua. Tryphosa akaweka wimbo wa kwaya kwenye laptopu, midundo ikajaa duka, na kila aliyekuwa ndani akacheza pale aliposimama, hata yule aliyekuja kununua kiberiti kimoja. Gichuru alicheza na kijiko cha sukari mkononi. Sukari kiasi fulani ilipotea siku hiyo, na hakuna aliyeiulizia.

Jumapili ilipofika, projekta iliwekwa mahali pake. Wazee wa kanisa waliketi mbele, vitabu vya nyimbo vimerundikwa kando kwa tahadhari. Hellen na Khisa walikuwepo, wamevaa nguo zinazofanana. Nyimbo ziliingia na kutoka. Kisha, katikati ya maombi, Pasta Irungu akanyamaza. Akafumbua jicho moja, akatazama spika ya kushoto, akatazama ya kulia. Kanisa lote likafumbua jicho moja pamoja naye. Kimya kikarefuka.

"Amina," pasta akasema, na jinsi kanisa lilivyoitikia amina ile, njiwa waliokaa juu ya paa waliruka.

Mzee yule aliyependekeza mapumziko ndiye aliyevibeba vitabu kuvirudisha stoo. Akipita karibu na Eddah alisimama. "Mama Warigia," akasema, "mimi nina kijukuu ambaye laptopu yake inajifungulia yenyewe picha za viatu."

"Alete," Eddah akajibu. "Lakini aniambie ni siku gani zilianza."

Jioni hiyo duka lilikuwa tulivu. Eddah alikuwa akipanga mikate, Gichuru ameketi kwenye stuli mbele ya laptopu, ameitazama kwa muda mrefu bila kuigusa, kama alivyofanya tangu ifike.

"Mama Warigia," akasema hatimaye, "hii inaweza kumwandikia mtu?"

"Unataka kumwandikia nani?"

"Warigia."

Binti yao yuko Nakuru, ni mwalimu wa chekechea, na kwa kawaida baba yake humsalimia kwa kumwambia mkewe amsalimie. Eddah akaiacha mikate. Akamfungulia mahali pa kuandika barua pepe, akamwonyesha nafasi za kuacha kati ya maneno, kisha akasimama nyuma yake. Gichuru alitumia kidole kimoja. Kila herufi aliitafuta kwanza kwa macho, akiinama, kisha akaishukia. Giza lilikuwa linaingia alipomaliza.

Aliandika: *Warigia ni mimi baba yako naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Mvua imenyesha vizuri. Mama yako ni hodari sana. Kula vizuri.*

Wakaituma. Hawakuwa wamefunga mlango wa duka bado jibu lilipoingia, na Eddah akamsomea.

*Mama, acha kujifanya Baba. Baba hawezi kusema maneno mengi hivyo.*

Gichuru alitazama skrini, akatazama mkewe, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akaishika kaunta, hadi mizani ikalia, hadi kijana mmoja wa boda boda akaingiza kichwa kuuliza kama kuna shida.

"Hakuna shida," Gichuru akasema akijipangusa macho. Akajisogeza kwenye stuli, akanyoosha kidole. "Nionyeshe, 'k' iko wapi? Huyu mtoto lazima ajibiwe."